Umefunzwa na Nani?

"Dada, nikipanda daraja nataka kuchukua fani ya pili," binamu yangu aliniambia, hata mkeka hatujamaliza kuutandika. Ilikuwa Jumapili baada ya Alasiri, darini kwa ami huko Kibokoni, Mombasa, tunapochezea mchezo wetu wa visa na dadu, upepo wa kusi unarusha karatasi zetu na kila mtu anatafuta kitu cha kuzikandamizia. Mimi nilitumia mkasi wangu wa kazini. Nikamuuliza ni fani gani. Akasema uanachuoni. Nikamuuliza tena, "Nani aliyemfunza huyo mhusika wako?"

Akanyamaza kidogo. "Kitabu cha kanuni hakiulizi hivyo, dada. Chataka alama 13 za akili, nami ninazo 13."

Alisema kweli. Kitabu hakiulizi. Lakini mimi ndiye msimulizi wa meza yetu, au tuseme wa mkeka wetu, na swali hilo limekuwa kanuni kwetu tangu siku ile. Nataka kueleza kwa nini nimelishikilia, kwa sababu wenzangu wawili bado wanaona nilimbania kijana wa watu.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua: watu hukaa pamoja, mmoja husimulia ulimwengu na yanayotokea ndani yake, na kila mmoja wa waliobaki humchezea mhusika wake. Jambo lenye shaka likitokea, kama vile kuruka shimo au kumdanganya mlinzi wa lango, dadu la pande 20 ndilo linaloamua. Sisi huu ni mwaka wa tatu. Tulipoanza hatukuwa na dadu hilo, tukaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi na kuvitia ndani ya kofia ya ami, kila mtu anachopoa. Sasa tuna madadu kamili aliyotuletea mtu wa kwetu kutoka Dubai, lakini mwalimu wa hesabu wa Tudor, ambaye hucheza nasi, bado husema kofia ilikuwa na baraka zaidi.

Mhusika huwa na fani, na fani ndiyo inayosema anaweza nini; akikusanya alama za uzoefu hupanda daraja na uwezo wake huongezeka. Neno hilo tulilitafuta muda. "Darasa" ni mahali pa kukaa na madaftari. "Tabaka" ni habari ya matajiri na maskini. "Fani" ndilo lililokaa, kwa sababu fani mtu huisomea, huizoea, na watu humjua kwayo. Kitabu tunachotumia ni cha mwaka 2014 na kina fani 12, na kuzipa majina ya kwetu kulituchukua karibu mwaka mzima, nami naona ule ulikuwa mwaka wetu wa kuuelewa mchezo.

Mwenye mori hakutaka maelezo. Kitabuni ni mpiganaji ambaye hasira ikimpanda, mapigo ya rungu, mkuki na upanga humuumiza nusu tu. Wifi yangu alisikia mara moja akasema, "Huyo kapandwa na mori," basi ikawa hivyo. Malenga naye hakutaka maelezo. Mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji, aliyetunga upande wa Wamazrui katika mvutano wao na Seyyid Said, na beti zikatumika kama silaha. Kwa hiyo niliposoma kwamba malenga wa mchezoni humpa mwenzake dadu la ziada kwa maneno matupu, na kwamba anayo talasimu, yaani maneno yenye nguvu za ajabu, ya kumtusi adui hadi adui akaumia, niliona aliyeandika angefurahi kukaa baraza moja nasi.

Palipotukwaza ni kwa yule wa vitabu. Kamusi ingetupa "mchawi," na ami alilikataa neno hilo palepale. Mchawi kwetu ni mtu wa shari, anayekwenda usiku kumdhuru jirani. Huyu wa kitabuni ni mtu aliyekaa miaka akisoma. Talasimu zake zote zimo ndani ya daftari lake, na akipata mpya lazima ainakili kwa mkono: saa 2 na vipande 50 vya dhahabu kwa kila kiwango cha talasimu hiyo. Mtu anayelipa wino na muda namna hiyo ni mwanachuoni. Yupo mwingine aliyezaliwa na uwezo damuni, na yupo wa tatu aliyeupata kwa kuwekeana ahadi na kiumbe kikubwa. Huyo wa tatu hatumchezi. Mtu yeyote wa Mombasa akisikia habari ya ahadi na kiumbe kisichoonekana anajua inazungumzwa nini, na ami alituomba tusiyataje mambo hayo darini kwake baada ya Magharibi. Nyumba ni yake na ombi ni la haki. Hali kadhalika yule mtu wa miti na wanyama: kijana wetu wa Kisauni, ambaye mamake ni Mgiriama, alituomba tusimwite mzee wa kaya, kwa sababu kaya ni mahali penye wazee wake na heshima zake, si pa kuchezewa. Tukasema mtu wa msitu. Tabibu, yule anayeponya kwa nguvu aliyopewa kutoka juu, tulimwita tabibu, na huko juu hatukutia jina.

Sasa habari ya kushika fani mbili.

Binamu alikuwa na mpiganaji aitwaye Kusi, daraja la 4, nguvu 16, upanga wa mikono miwili. Alikuwa amefanya hesabu zake vizuri, na naomba nimtendee haki, kwa sababu kijana anasomea umeme na hesabu anaijua. Kanuni ya 2014 inasema hivi: ukipanda daraja unaweza kuliweka daraja hilo jipya katika fani nyingine, ili mradi sifa kuu, kama vile nguvu au akili, za fani uliyo nayo na hiyo unayoitaka zifike 13. Kusi angekuwa mpiganaji 4 na mwanachuoni 1. Angepata daftari lenye talasimu 6, na moja kati ya hizo ni Ngao: adui anapokupiga, unanyanyua mkono, na ulinzi wako unapanda kwa 5 hadi zamu yako inayofuata. Deraya nzito anayo tayari, na anayejua kuivaa haimzuii kusoma talasimu. Tena alikuwa ameanza upande ulio sawa. Aliyeanza kama mpiganaji ana uhai wa 10 katika daraja la kwanza, mwanachuoni ana 6. Aliyeanza kama mwanachuoni kisha akaongeza upiganaji hapewi deraya nzito, hupewa nyepesi na ya kati tu. Utaratibu wa kutangulia ni jambo kubwa hapa, na wengi hawaliangalii.

Yote hayo alikuwa nayo kwenye karatasi. Asichokuwa nacho ni kisa. Jumapili iliyotangulia Kusi alikuwa baharini kwenye chombo, hajui hata kusoma mwandiko wa kale uliokuwa mlangoni pa pango, ikabidi kijana wa Kisauni amsomee. Jumapili hii anataka awe na daftari na wino. Limetoka wapi?

Wazee wa mchezo huu wamelihangaikia jambo hili tangu mwanzo, na nikisoma walivyofanya naona kila zama ilikuwa na jibu lake. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo mwaka 1974 zilikuwepo fani 3 tu: mpiganaji, mtu wa uchawi na tabibu. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Hata hapo mwanzoni kabisa palikuwa na kiumbe mmoja, elfi, aliyeruhusiwa kushika mbili, ila kila safari ilipoanza ilimbidi aseme leo anakwenda kama mpiganaji au kama mtu wa uchawi. Mwaka 1981, katika kitabu cha wanaoanza, elfi mwenyewe alifanywa kuwa fani, upanga na talasimu kwa pamoja, na bei yake ikawa ya kungoja: mpiganaji alihitaji alama 2,000 za uzoefu kufika daraja la pili, elfi alihitaji 4,000.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1978, na naipenda ingawa nisingemlazimisha mtu kuicheza. Wasio binadamu waliruhusiwa kukua katika fani mbili au tatu kwa wakati mmoja, na kila alama waliyoipata iligawanywa sawa kati ya fani hizo. Binadamu walikatazwa. Binadamu alipewa njia nyingine: aache fani ya kwanza kabisa, aanze ya pili kutoka daraja la 1. Alihitaji 15 katika sifa kuu ya fani aliyoiacha na 17 katika ile anayoiendea, ambazo kwa dadu za siku zile ni bahati ya nadra. Uhai wake alibaki nao. Lakini, na hapa ndipo penye utamu, kama katikati ya safari alitumia ujuzi wa fani yake ya zamani, hakupata uzoefu wowote kwa safari ile. Mpiganaji wa daraja la 6 aliyekuwa akijifunza talasimu aliweza kuuchomoa upanga wake wakati wowote. Hakuna aliyemzuia. Ila siku hiyo hakujifunza kitu. Alipolipita daraja lake la zamani katika fani mpya, ndipo zote mbili zikawa zake bila adhabu.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera na magauni ya harusi, duka letu liko karibu na Biashara Street, na cherehani nimeishika tangu nikiwa msichana. Miaka minne iliyopita nilitaka kujifunza kofia za mkono, zile ambazo kila kishimo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kofia moja miezi. Nikaenda kwa bi mkubwa mmoja aliyekuja mjini kutoka visiwani Lamu. Alinipokea kwa sharti moja. Nyumbani kwake, na kwa kazi yake, cherehani nisiiguse. Nilimwambia pindo la ndani la kofia halionekani, naweza kulipitisha kwa mashine kwa dakika mbili. Akasema, "Ukishika cherehani, mkono hausomi."

Mwezi wa pili nilichoka. Vidole vimevimba, wateja wangu wa dukani wananiona nimekuwa mzito, na mtu niliyekuwa fundi wa kutegemewa sasa nakaa chini mkekani pamoja na wasichana wa miaka 12 walionipita kwa mbali. Usiku mmoja nilikwenda nyumbani na kipande changu nikalipitisha pindo kwa cherehani. Asubuhi nikampelekea. Alikipapasa tu, hakukitazama sana, akachukua wembe, akafumua pindo, kisha akaendelea kufumua na safu tatu za vishimo nilivyokwisha kuvimaliza vizuri. Hakunigombeza. Alinirudishia kitambaa na sindano.

Sasa nazishona zote mbili, nguo kwa mashine na kofia kwa mkono, na tangu mkono ulipokuwa umesoma, cherehani imerudi kunisaidia: nakata na kupanga kitambaa kwa jicho nililolipata kwenye vishimo. Kwa hiyo mtu akiniambia kanuni ile ya 1978 ni ya ajabu, kwamba haiwezekani mtu akatumia ujuzi wake akaadhibiwa, mimi najua inazungumza nini. Aliyeiandika alijua kwamba fani ya zamani ndiyo adui wa ile mpya, kwa sababu inakuja haraka mkononi.

Mwaka 2000 mlango ulifunguliwa wazi. Toleo la tatu lilimruhusu kila mtu, binadamu au la, kuchagua fani yoyote kila anapopanda daraja, na adhabu iliyobaki ilikuwa ya kupunguziwa alama asilimia 20 kama fani zake hazikulingana, nayo ilikuwa na njia za kuikwepa. Toleo hili la 2014 halina hata hiyo. Limeweka 13, basi. Naelewa walitaka watu wawe huru. Lakini kilichoondoka pamoja na adhabu ni ule muda wa kuwa mwanagenzi, na mimi nautaka muda huo, kwa sababu ndani yake mna kisa.

Basi nikamwambia binamu, "Kitabu kishakukubali. Sasa nitafutie mwalimu."

Ami alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni pa dari, na kikombe chake cha kahawa. Yeye hachezi ila husikiliza, na hapo akatia neno. "Mshika mbili, moja humponyoka." Wifi yangu akamjibu kwa adabu kwamba mbona yeye mwenyewe alikuwa baharia na seremala. Ami akasema ni kweli, na chombo kisicho na seremala hakifiki. "Lakini sikuzianza siku moja, mwanangu. Nilipokuwa nafunzwa useremala nilikuwa sipandi chomboni. Nilikaa bara misimu miwili naokota vumbi la msumeno."

Jumapili mbili zilizofuata zilikuwa za Kusi. Nilimwekea mwanachuoni mzee anayeishi kwenye nyumba ya mawe kando ya hori, na sharti lake nililichukua nilikolichukua: upanga ubaki nje ya mlango. Kusi alichota maji. Alinakili herufi moja, siku nzima, hiyo hiyo. Binamu alipotupa dadu la akili akakosa, nilimwambia wino umemwagika, na alipokosa tena nilimwambia mzee amenyanyuka akaenda kulala bila kusema kitu. Wenzake walikuwa na kazi zao mjini kwa muda huo, sikuwaacha wakae bure: mwalimu wa hesabu na mhusika wake mjanja walikuwa wakimfuatilia mwizi wa mizigo bandarini, na wifi akapigana mieleka kwa dau. Lakini kila mmoja alikuwa akigeuka kutaka kujua Kusi amefika wapi.

Jumapili ya pili, usiku wa ndani ya kisa, wezi watatu waliingia kuliiba daftari la mzee. Upanga uko nje ya mlango, hatua nne. Nilimwambia binamu, "Wauona upanga. Ukiushika leo, mzee atakurudisha kwenye herufi ya kwanza." Alikaa na dadu mkononi muda mrefu. Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, wifi anakusanya sahani za viazi karai na haziendi popote, amezishika tu. Kisha binamu akasema, "Nauchukua. Mzee hawezi kufa kwa ajili ya herufi yangu."

Aliwafukuza wale watatu. Asubuhi mzee alimshukuru, akampa chai, akamfungulia ukurasa wa kwanza, herufi ya kwanza. Kusi akaketi. Binamu hakulalamika, na mimi nilipofika nyumbani usiku ule sikulala haraka.

Hesabu yake ya Ngao ilikuwa sahihi, lakini bei yake aliiona kwenye pango la majitu. Kundi zima lilikuwa limefika daraja la 5, alama 6,500. Daraja la 5 ndilo mlima wa mchezo huu. Mpiganaji na mwenye mori hupiga mara mbili kwa zamu moja badala ya mara moja. Mwanachuoni hupata talasimu ya mpira wa moto, madadu 8 ya pande 6. Mwenye mori wa wifi alikuwa anapiga mara mbili. Kusi, mpiganaji 4 na mwanachuoni 1, alikuwa anapiga mara moja, kama jana na juzi. Ngao iliinuka mara mbili ikamwokoa mara mbili, na mwanachuoni wa daraja la 1 ana nafasi 2 tu za talasimu kwa siku. Mara ya tatu jitu lilimshusha chini, uhai sufuri. Akiwa hapo mhusika hutupa dadu: 10 au zaidi mara 3 anatulia, chini ya hapo mara 3 amekufa. Binamu alipata 14, kisha 6, kisha 3, kisha 11. Hakuna aliyekuwa akipumua. La mwisho lilikuwa 17.

Kutoka daraja la 5 hadi la 6 ni alama 7,500 zaidi, na kwetu hizo ni kama Jumapili sita. Alizingoja zote kwa pigo lake la pili. Mwalimu wa hesabu anasema hapo ndipo uonevu wangu ulipo: kitabu kishamtoza bei kwa kumchelewesha, na mimi nikaongeza bei yangu juu. Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Jibu langu ni kwamba zile Jumapili mbili kwa mzee wa hori hazikumtoza kitu. Alama hakupoteza hata moja. Alipata mwalimu, na sasa kundi zima lina nyumba ya mawe kando ya hori ambapo wanakaribishwa. Tulipomaliza vita vya majitu, kitu cha kwanza alichosema Kusi alipozinduka ni kwamba apelekwe kwa mzee.

Kijana wa Kisauni alikwenda kwa njia nyingine, na yake naitaja kwa sababu wanaoanza huingia mtegoni hapo. Yeye ni tabibu 3 na mwanachuoni 2. Fani mbili za talasimu, na kitabu kinasema nafasi zao zihesabiwe pamoja, hivyo ana nafasi kama za mtu wa daraja la 5 kamili: 4 za kiwango cha kwanza, 3 za pili, 2 za tatu. Akaona amepata. Kumbe talasimu zenyewe huhesabiwa kila fani peke yake. Utabibu wake unamfikisha kiwango cha pili, uanachuoni unamfikisha cha kwanza. Ana mitungi miwili mikubwa na hana maji ya kuijaza, ila kumimina yale ya mitungi midogo. Na ile nyongeza ya sifa inayokuja daraja la 4 huja kwa daraja la 4 la fani, si jumla, kwa hiyo bado hajaiona. Alikasirika nami kwa kutomwambia mapema, na hapo ana haki. Ningemwambia. Mwalimu wake kisani alikuwa mzuri, alimtafuta mwenyewe, na nilivutiwa na kisa nikasahau kumkalisha tukapitia jedwali. Mambo yote mawili ni kazi ya msimulizi, na siku hizi mtu akitaka fani ya pili tunakaa na jedwali kwanza, ndipo tunatafuta mwalimu.

Wifi yangu sikumtarajia. Mwenye mori wake, jina lake Tufani, ni shoka na kelele tangu siku ya kwanza. Lakini alipofika daraja la 4 na kupata zile alama 2 za kuongeza sifa, kila mtu alimwambia atie kwenye nguvu. Yeye alizitia zote kwenye haiba, kutoka 11 hadi 13, akakataa kusema kwa nini. Nilidhani amekosea, nikamuuliza mara mbili kama ana hakika.

Jumapili iliyopita alipanda ngazi za ami na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema anataka umalenga, ambao sifa yake kuu ni haiba. Nilifanya kama tulivyokubaliana, nikamkalisha na jedwali. Nilimwambia hizi mbili hazipatani: mwenye mori akipandwa na mori hawezi kusoma talasimu hata moja, na aliyokuwa akiishikilia humtoka. Kila vita itambidi achague, sauti au shoka. Akasema anajua, ameisoma sura yote. Nikamuuliza basi, umefunzwa na nani? Akasema bado, ila Tufani amekwenda kugonga mlango wa mtu, na hiki ndicho alichokisema mlangoni. Akaifungua karatasi akasoma, sauti ya chini, hajazoea kusoma mbele ya watu:

*Mori ukinipandia, naona giza machoni,*
*Maneno hunikimbia, yakajificha moyoni,*
*Leo nimewajilia, mwalimu nipokeeni,*
*Nifundisheni kulia, shoka nimetua chini.*

Sikuwa na la kusema kama msimulizi. Ami aliweka kikombe chake sakafuni, akamwambia arudie kituo, ule mstari wa mwisho, polepole, na wifi akaurudia. Kisha akamuuliza, "Huyo mwalimu wako wa huko kwenye mchezo, mshampata mtu wa kumsemea?"

Nikamwambia hatujampata. Akasema Jumapili ijayo tumwekee kiti chake karibu na mkeka.